Mke Aliyekufa Redioni

Habari za kifo changu zilinikuta hai, nimekaa uani napepeta ulezi. Aliyezileta ni mwanangu wa mwisho. Aliingia bila kubisha hodi, akaketi juu ya kinu changu, jambo alilokatazwa tangu hajaota meno, akasema, "Mama, wametukataa kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu? Mimi nimeposwa na nani?"

"Yule mzee wa Mbalibali. Anasema kijana wetu alikuwa na mke, akafa. Nikamwambia hapana, hajafa, yupo nyumbani, na jana tu alinifukuza na mwiko. Ndipo akasimama. Hatukupewa hata maji."

Nikaweka ungo chini. Mke aliyekufa ni mimi. Na huyo aliye nyumbani, mwenye mwiko, ni mimi pia. Wewe unayesoma usihangaike, nitakueleza vizuri. Majina tu usiniulize. Ninayo yote, ya watu niliowakuta hapa Nyakunguru nilipoolewa, ya watoto wao na wajukuu wao, na ya ng'ombe wa mahari yangu, kila mmoja na rangi yake. Lakini nikimtaja mmoja nikamwacha jirani yake, sitapata mtu wa kunitwisha kuni mpaka nife kweli. Kwa hiyo nimewaacha wote sawasawa.

Kwetu Wakurya, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ni utani tulioukuta, na makabila mengi yanao. Bibi anamwita mjukuu mume wangu, mjukuu anamwita bibi mke wangu, na wanaruhusiwa kusemana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema anaitiwa wazee. Huyu wa kwangu aliletwa mikononi mwangu mama yake alipokwenda kutafuta kazi Mwanza. Alinioa siku hiyohiyo, kwa kunikojolea kanga mpya.

Mume wangu halisi, marehemu, aliyenioa kwa ng'ombe, alikuwa mpigaji wa litungu. Litungu ni ala yetu ya nyuzi nane, ina tumbo kubwa la mbao na ngozi, na mpigaji hukaa nayo kama mtu anayemnyoa mwenzake. Mtoto alikaa chini ya ile ala tangu anatambaa. Mzee alipofariki, litungu halikulala hata wiki moja, maana mtoto alilichukua akaendelea palepale wimbo ulipokuwa umeishia. Mimi nilikuwa na msiba, na yeye ananipigia kelele. Nilimtukana. Naye akanitunga wimbo.

Wimbo wenyewe ni wa mume anayemlalamikia mke wake. Anaimba ubeti, halafu mke anamjibu kwa ubeti mkali zaidi, halafu mume anarudi. Tumeuimba miaka mingi, mimi nikiwa jikoni na yeye mlangoni. Kwa Kiswahili ubeti wake wa kwanza uko hivi:

*Mke wangu, nimekuita jioni, hukuitika.
Nimekuita alfajiri, hukuitika.
Moto umezimika, kuni ziko wapi?
Meno yako umempelekea nani, mke wangu?*

Mimi nami namjibu:

*Nimekusikia, kichwa kama kibuyu cha maziwa.
Masikio ninayo, sababu ya kuitika ndiyo sina.
Ulinioa kwa peremende moja, nayo ukaimung'unya mwenyewe.
Kuni ziko porini, na miguu unayo, fisi aliyenyeshewa.*

Haya niliyoandika ni ya kistaarabu. Yako mengine.

Alipokuwa kijana akaingia kwenye mashimo ya dhahabu kama wenzake. Huko kuna watu wa kila mkoa wa nchi hii, Wasukuma, Waha, Wanyaturu, wamefuata dhahabu. Jioni wakitoka wamejaa vumbi anawapigia litungu. Kikurya hawajui, lakini wanakaa. Mmoja wao akamwambia, hizi nyimbo zirekodi kabla hujafukiwa nazo. Neno hilo likamwingia. Hakutafuta kampuni wala tajiri. Alifanya kazi zake, akaweka akiba yake, akaenda Tarime mjini kwa fundi mmoja wa studio.

Siku ya wimbo wetu alinichukua. Chumba kidogo, hakina dirisha, kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Nikamwuliza fundi, "Kuku wenyewe wako wapi?" Kijana wa watu akasema trei zinazuia mwangwi. Nikavalishwa vitu masikioni, nikaambiwa niimbe mbele ya kidude kilichofunikwa soksi. Niliimba. Nilimjibu mume wangu kila ubeti, na kwa kuwa tulikuwa mjini nikaongeza na mapya. Fundi alicheka hadi akaegemea ukuta, trei moja ikadondoka. Halafu, tulipomaliza, akajipangusa macho akasema, "Bibi, wimbo ni mzuri mno. Lakini matusi haya redio haitayapiga."

"Matusi gani? Hayo ni mazungumzo ya ndani ya nyumba."

"Ndiyo hayo hayo, Bibi."

Akanikata. Sehemu zangu zote akazitoa, pakabaki litungu peke yake linapiga, halafu mume anaingia tena na ubeti unaofuata. Kitu kimoja tu kilimshinda kukitoa, kikohozi changu cha mwisho, kwa sababu kilikuwa kimepanda juu ya uzi mnene. Zile trei zilikuwa na vumbi.

Albamu ikatoka. Nikamwambia niletee niishike. Akanionyesha simu. Nikamwuliza, "Iko upande wa mbele au wa nyuma?" Nilikuwa najua, lakini mke asipomsumbua mume wake atamsumbua nani?

Kwa kipindi kirefu hakuna lililotokea. Watu wa mashimoni walikuwa nayo, madereva wa bodaboda walikuwa nayo, na mama mmoja muuza mihogo aliipiga mpaka mihogo ikaungua. Halafu siku moja mume wangu akaja mbio amenyoosha simu mbele kama mtu aliyebeba chungu cha moto. Redio moja ya Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha jioni ambapo bwana mmoja anachambua muziki. Kazi yake ni hiyo, kusikiliza na kusema. Nami niliolewa vibaya, kumbe iko kazi ya namna hiyo.

Tukasikiliza pamoja. Yule bwana alisifu, jamani, alisifu. Alisema ni muda mrefu hajasikia albamu ya kwanza ya namna hii kutoka kwa msanii anayejitegemea. Nikamwangalia mume wangu. "Anayejitegemea?" nikamwuliza. "Ugali wako anasonga nani?"

"Nyamaza, mke wangu, sikiliza."

Na nimpe yule bwana haki yake, hakuwa mjinga. Alisema uzi mnene wa litungu unasikika kama mtu anayetembea chumba cha pili. Nilishtuka, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyousikia maisha yangu yote na sikuwahi kumwambia mtu. Wimbo mwingine, ule wa ndama, alisema usingefaa kuongezwa hata neno, na ni kweli. Kisha akafika kwenye wimbo wetu. Sauti ikashuka kama ya mchungaji makaburini.

"Msikilizeni huyu kijana mjane," akasema. "Anamwita mkewe, haitikiwi. Anamwita tena, haitikiwi. Baada ya kila ubeti ameacha nafasi ya marehemu, na nyuzi nane zinajaza pengo la mtu asiyerudi. Anamwuliza meno yake yako wapi, swali ambalo ni kaburi tu linaloweza kulijibu. Mnao wasanii wangapi wenye ujasiri wa kunyamaza hivi? Na mwisho kabisa, sikilizeni, kuna kikohozi cha mbali. Ni kama roho inayoaga mlangoni."

Mimi nilicheka mpaka kilemba kikafunguka. Nafasi ya marehemu! Pale nilikuwa namwita fisi. Lakini nilipofuta machozi nikaona mwenzangu hacheki. Ameinamia ile simu.

"Umemwambia nini huyu bwana?" nikamwuliza.

"Alinipigia kabla ya kipindi. Akasema pole sana kwa msiba."

"Ukasema?"

"Nikasema asante."

Nikamwita mwuaji, nikamwambia aende akanichimbie basi na kaburi lenyewe, na likiwa na dhahabu tugawane. Yakaishia hapo. Nilidhani ni kichekesho cha nyumba yetu. Sikufikiri kwamba redio inavuka Mto Mara.

Sasa nimlete binti. Ni fundi cherehani wa soko la Mugumu. Mume wangu alikwenda kupiga huko kwenye sherehe moja, mvua ikatishia, akatafuta mtu wa kumshonea mfuko wa litungu. Binti akachukua futi, akalipima litungu tumboni, akasema, "Huyu bwana amenenepa, atakula kitambaa kingi." Mume wangu aliporudi alinihadithia hayo mara nyingi kiasi kwamba nilijua nimepata mke mwenza. Nikaomba nimwone. Alikuja na mfuko wenyewe, wa kitenge cha kijani chenye samaki. Alinipigia goti, "Shikamoo Bibi," halafu akainuka akaniangalia akasema, "Kumbe ndiye mwenyewe. Nilidhani nitamkuta mzee." Nikasema moyoni, huyu anafaa.

Baba yake ni mkulima na mfugaji kule Mbalibali, mtu wa kanisa, mtu wa ndiyo yake ndiyo na hapana yake hapana. Kila jioni maziwa yakiingia anafungua redio, na wote wanakaa kimya. Binti alikwisha kumwambia kwamba kuna mwimbaji atakuja kuleta posa. Hata kabla ya posa kufika, redio ikatangulia. Akamsikia mkwe wake mtarajiwa analiliwa nchi nzima kwa kufiwa na mke, na binti hakuwa amemwambia habari ya mke.

Ndipo mwanangu wa mwisho akafika na jirani yetu mmoja, wamevaa makoti. Mzee akauliza, "Yule mke wa kwanza, alikufa kwa ugonjwa gani? Ameacha watoto?" Mwanangu, badala ya kujibu kama mtu mzima, akaleta utani wa nyumbani. Hajafa, yupo, ana mwiko. Mkurya yeyote angecheka. Hata pale Mbalibali siku nyingine wangecheka. Lakini ukimwuliza mtu habari ya marehemu naye akakujibu kwa mwiko, wewe utamwelewaje?

Sasa basi ndio tuko pale nilipoanzia, mwanangu juu ya kinu, na mume wangu akaingia akayasikia. Alikwenda akakaa nyuma ya zizi, na litungu hakuligusa jioni ile, wala kesho yake. Nikaona hili si jambo la kucheka tena. Kijana huyu alikuwa anampoteza binti, na mimi niliyekufa ndiye niliyebaki wa kwenda kumtetea.

"Mama hawezi kwenda," mwanangu akasema. "Posa ni ya wanaume."

"Siendi kama mama," nikamwambia. "Naenda kama mke. Mke mkubwa akimfuata mke mdogo, kuna mzee gani wa kunizuia?"

Tukavuka Mto Mara asubuhi, mimi, mume wangu na litungu lake ndani ya mfuko wa samaki. Mwanangu nilimwacha nyumbani na utani wake. Tulimkuta mzee uani anakaza bolti za plau. Redio ilikuwa imening'inia kwenye nguzo ya baraza, imevalishwa gauni la kitenge cha kijani chenye samaki. Mzee akautazama mfuko wa litungu, akaitazama redio yake. "Nilimwuliza binti yangu kitambaa hiki amekipata wapi," akasema. "Akaniambia ni mabaki." Halafu akakumbuka adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Alituketisha. Maji yaliletwa safari hii, kwa ajili ya mvi zangu. Akasema, "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Redio inasema mke amekufa. Ndugu yenu alisema yupo. Na wewe umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusema kwamba mke ni mimi."

Hakucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilikwisha kuhisi," akasema. "Utani wa bibi na mjukuu naujua, hata mimi nilikuwa na bibi. Lakini mama, utani ni wa nyumbani. Huyu kijana aliambiwa pole ya msiba mbele ya nchi nzima akasema asante. Kama ameweza kukubali uzikwe ungali hai ili yeye asifiwe, siku ikija sifa nyingine kubwa zaidi, binti yangu atamfanya nini?"

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake.

"Mzee," nikasema, "kabla hujahukumu, wewe huo wimbo umeusikia wote?"

"Nimeusikia."

"Umesikia nusu. Upige kwenye simu tusikilize."

Binti, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na mama yake, akaleta simu kabla baba yake hajageuka. Wimbo ukaanza. Mume anaita jioni, haitikiwi. Mzee amekunja uso. Nyuzi zinapiga peke yake, na kweli, nikiwa mbali na nyumbani kwangu, nimekaa kwenye kiti cha watu, nikasikia alichokisikia yule bwana wa redio. Pengo lilikuwa kubwa. Zamu yangu ya kuitika ikafika, ikapita. Ukaenda ubeti wa pili, wa tatu, hadi mwisho, na mimi nimekaa tu kama maiti yenyewe.

Kikohozi kikatoka kwenye simu.

Mzee akainua kichwa. "Na hicho ni cha nani?"

Sikufanya makusudi. Ilikuwa vumbi la barabara ya Mugumu. Nikakohoa. Kikohozi kilekile, na ule mluzi mdogo mwishoni.

Jikoni mama wa binti alipasuka kicheko, sufuria ikaanguka. Mzee alinitazama mimi, akaitazama simu, akaurudisha wimbo nyuma, akasikiliza kikohozi tena, akanitazama. "Kohoa tena, mama," akasema.

"Sasa mimi ni redio?"

Hapo midomo yake ikatikisika. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikautia mguu. "Mume wangu," nikaita, "toa hilo litungu kwenye gauni, uniite mbele ya wenye nyumba."

Akalitoa. Akaimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini, nimekuita jioni hukuitika, na safari hii niliitika. Nilimpa kibuyu, nikampa peremende, nikampa fisi. Mzee wa Mbalibali Kikurya anakijua kwa kupita tu, kama mtu anavyomjua jirani wa kijiji cha pili, lakini fisi aliyenyeshewa hahitaji mkalimani. Alishika goti kwa kicheko. Ubeti wa pili mume wangu akachangamka, akaniambia nakoroma hadi ng'ombe wanadhani kuna fahali mgeni. Nikamjibu, na jibu hilo siliandiki. Mama wa binti alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi akakaa chini palepale mlangoni.

Tulipomaliza mzee akapangusa macho. "Haya ndiyo yaliyokatwa?"

"Yaliyokatwa ni makali zaidi. Haya nimeyapunguza kwa heshima yako."

Alicheka kidogo, halafu uso ukarudi ule wa mwanzo. Mtu wa ndiyo na hapana hapotezwi njia na kicheko. Akamgeukia mume wangu. "Kijana, kwa nini hukumwambia yule bwana?"

Nilitaka kumjibia. Nikajizuia.

Mume wangu aliliweka litungu chini. "Mzee, sifa ni tamu, sitakudanganya," akasema. "Lakini haikuwa hiyo tu. Aliponipa pole, niliusikiliza tena wimbo. Nikaona ameiona siku ambayo mimi nakataa kuiangalia. Siku nitakayoita na asiitike. Nikashindwa kusema neno lingine, nikasema asante."

Hilo sikulijua. Tulikaa nyumba moja, tunapakua kwenye chungu kimoja, na sikulijua. Nilitazama ile plau kwa muda, kama mtu anayetaka kuinunua.

"Basi," nikasema, "unaniogopea kufa, na kuni hukati."

Hata binti alicheka, huko nyuma ya mlango. Mzee hakucheka, lakini sauti ilikuwa imelainika. "Nimekusikia," akamwambia. "Sasa na mimi usikie. Ulizika mtu redioni, kamfufue redioni. Palepale, kwa bwana yuleyule, wimbo wote upigwe na majibu yake. Kama sifa zitaondoka, ziondoke. Mimi jioni huwa nasikiliza." Akarudi kwenye bolti zake.

Kumpigia mtu anayekusifu ukamwambia amekosea si kazi nyepesi. Nilimwona mume wangu anazunguka zizi na simu mkononi, anaiweka sikioni, anaitoa. Alikuwa amealikwa tayari kwenda kupiga Dar es Salaam, kwenye jukwaa la watu wanaokaa kwenye viti, kwa ajili ya huzuni yake. Nilimwacha azunguke. Mwishowe akapiga, akiwa amenipa mgongo, na sikusikia zaidi ya "hapana" na "ndiyo" na "yuko hapa anapepeta."

Fundi wa studio alikuwa hajatupa maneno yangu. Kumbe alikuwa anayasikiliza mwenyewe akiwa na huzuni. Akayarudisha mahali pake.

Jioni ya kipindi tulikuwa wengi uani kwangu. Mwanangu wa mwisho alikaa chini safari hii, si kwenye kinu. Yule bwana akaanza kwa kusema kwamba msanii ana jambo la kusahihisha, akamwunganisha mume wangu kwenye simu. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba anaongea, na sisi mbele tunamsikia kwenye redio, mtu mmoja pande mbili.

"Mke wangu yu hai," akasema. "Ni bibi yangu. Na amekasirika."

Yule bwana akacheka, cheko la mtu aliyekanyaga shimo mbele za watu akaamua na yeye kuchungulia ndani. Akapiga wimbo wote. Neno langu moja walilifunika kwa mlio kama pikipiki iliyokosa moto, na majirani wakaniuliza ni lipi nikawaambia wanunue albamu. Wimbo ulipoisha yule bwana akasema amefurahi, amejifunza, na Bibi ana sauti ya chuma. Akashindwa kujizuia. "Hata hivyo," akasema, "nitakuwa mkweli kwa wasikilizaji wangu. Ule wa kwanza, wenye ukimya, ulikuwa na kina zaidi."

Uani pakazuka kelele. Wanangu walitaka kumpigia. Mimi niliwaambia wamwache, hajakosea sana, ila ana haraka. Mwambieni ukimya wake anaoutaka unakuja, asubiri tu, kwanza nakula.

Tulikuwa hatujaacha kucheka simu ya mume wangu ikalia. Akaja nayo mbele anatembea taratibu, akaiweka sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya Mbalibali, na nyuma yake ng'ombe wanasikika.

"Nimesikia," mzee akasema. "Waambie wazee waje. Na waje na njaa."

Mwanangu wa mwisho alirukaruka kama ndama. Mume wangu alikaa kwenye kinu changu, na siku hiyo sikumwambia kitu. Kwenye simu kukawa na mvutano wa sauti, mtu anamnyang'anya mtu, halafu akaja binti.

"Shikamoo mke mwenza."

"Marahaba. Umeshinda, mwizi wewe. Mume umemchukua."

"Bado sijamchukua, Bibi. Kuna kitu nataka kwanza. Lile neno walilolifunika ni lipi? Maana siku ukichoka mimi ndiye nitakayeimba sehemu yako, na sitaki kuimba pikipiki."

Nikaisogeza simu mdomoni, nikawapa majirani mgongo.

"Ngoja, Bibi, ngoja kwanza!" akasema. "Baba amekaa hapa. Nitoke nje."

Nikasikia miguu yake inapita uani, mlango wa zizi unalia, ng'ombe mmoja anapiga chafya. Nikangoja.